Odowa Ndani ya Mkoba

Naandika haya nikiwa na hasira, na anayetaka maneno ya upole akasome kitu kingine. Wiki jana nilikuwa kliniki hapa Riruta, pale tunapopimia watoto uzani, na kando yangu kwenye benchi ameketi msichana mrembo na mtoto wa mwaka mmoja hivi. Mtoto akalia. Mama akatoa chupa ya kunyonyea, na ndani ya chupa mna chai ya maziwa, rangi ambayo naijua hata nikifumba macho. Nikamwambia, "Mami, usimpe hiyo. Hiyo chai itamharibia damu." Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi shughulika na wako."

Wangu nimeshughulika naye. Nimeshughulika naye mpaka nikamlaza hospitali akiwa na viganja vyeupe kama unga wa chapati. Kwa hivyo wewe dada wa benchi, kwa kuwa hukutaka kunisikiza, utanisoma. Mambo ya vipimo na majina ya dawa kawaulize wenye makoti meupe. Mimi nitakwambia yaliyonipata, na sitajipamba.

Naitwa Mama Shiru. Mume wangu ni Kamau, fundi wa stima. Tunakaa vyumba viwili katika ploti yenye wapangaji kumi na mabomba mawili, na mimi ni keshia katika duka la vyombo vya nyumbani huko Westlands. Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha, mama yake Kamau alishuka kutoka Limuru akaja kumkalia mtoto. Sikumwomba. Alikuja na gunia la viazi, birika lake mwenyewe, na pakiti tatu za majani chai.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mama mkwe wangu ni Wanjiru, na mtoto ni Wanjiru, ndiyo tunamwita Shiru. Wengine huona ni jina tu. Shosho, yaani nyanya yake, hakuona hivyo. Kwake mtoto yule alikuwa ni yeye mwenyewe aliyezaliwa upya, na akimtaja husema "mimi." Narudi kazini nimechoka naambiwa, "Leo nimeamka na homa," kumbe ni mtoto. "Mbona mmenivalisha soksi inanibana?" Mwanzoni nilikuwa nikicheka. Baadaye kicheko kiliniisha.

Na Wanjiru mkubwa anapenda chai. Amezaliwa katikati ya majani chai, amechuma majani chai, na hawezi kumeza tonge bila chai. Basi Wanjiru mdogo naye akapewa. Asubuhi chai na mkate wa kuchovya. Saa nne chai na biskuti. Mchana viazi vilivyopondwa mpaka vikawa uji, na chai ya kuteremshia. Akilia, chupa. Akitaka kulala, chupa. Nilijua? Nilijua sana. Nilikuwa nikitoka asubuhi gizagiza naiona chupa mezani imefunikwa kwa kitambaa, nami nafunga mlango naenda zangu. Mtu akikukalia mtoto bure, ulimi huwa mzito.

Isitoshe mtoto alikuwa mnene! Mashavu, mikono ya kukunjika, tumbo. Kanisani kina mama walimpokezana kama sahani ya sadaka. "Huyu amelishwa!" Halafu akaanza kuwa mweupe, na hapo ndipo sifa zilipozidi. "Mama Shiru, mtoto ametoa rangi! Kweli amekuwa mrembo." Nikatabasamu mimi, mjinga. Mtoto anaishiwa damu mbele ya kanisa zima, na kanisa zima linasifu rangi.

Sasa nije kwangu, maana ni rahisi kumlaumu mwanamke wa Limuru.

Odowa ni jiwe laini, rangi ya udongo, linauzwa kwenye vibanda vya mboga kando ya nyanya na vitunguu. Wanawake wajawazito hulitafuna. Lina harufu ya vumbi mvua ikiligusa mara ya kwanza, na ukiuma linavunjika kwenye meno, kru, kru, halafu linayeyuka. Niliambiwa linaongeza damu. Nani aliniambia? Kila mtu. Mwenye kibanda, dada yangu, mwenzangu wa kazini. Niliposhika mimba nilianza na kipande kimoja kwa siku. Mtoto akazaliwa, mimba ikaisha, odowa haikuisha. Nilikuwa nalo mkobani mchana kutwa, naingiza mkono chini ya kaunta nikingoja mteja atafute kadi yake, namumunya kimyakimya. Chakula changu kilikuwa chai na mandazi, nimesimama. Jioni nikifika nyumbani sina njaa. Shiru alikuwa akitambaa mpaka kwenye mkoba wangu, na mimi, ili atulie nivue viatu, namvunjia kipande kidogo. Ndiyo. Nilimpa kwa mkono wangu. Nilisema moyoni, si linaongeza damu?

Mvua ndefu ilikuwa ndiyo inaanza Shiru alipoacha kutembea. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa akikimbia ploti nzima akifukuza kuku wa mwenye nyumba. Siku moja akaketi chini mlangoni na hakuinuka. Akawa wa kukaa tu, wiki baada ya wiki. Anaegemea ukuta, anaulamba, anatazama wenzake. Shosho akasema ni meno. Mimi nikasema ni baridi. Kamau ndiye aliyemshika mkono jioni moja chini ya taa, akaugeuza, akaweka kiganja chake kando ya kile kidogo.

"Mama Shiru, huyu mtoto hana damu."

"Ametoa rangi ya kwetu," nikajibu. Naomba Mungu anisamehe kwa jibu lile.

Kesho yake, kliniki. Nesi akamvuta kope la chini mara moja tu. Ndani palikuwa peupe. Akaandika barua haraka, akaniambia nisipitie nyumbani, niende moja kwa moja hospitali kubwa mjini.

Sijui kama umewahi kungoja katika hospitali kubwa mvua ikinyesha. Watu wote wananuka makoti mabichi. Televisheni ukutani inaonyesha watu wanacheka bila sauti. Unapewa nambari, unaketi, unasogea, unaketi, unasogea, na kila anayesogea na wewe anakuuliza mtoto ana nini ili alinganishe na wake. Shosho alikuja na chupa ya chai ndani ya kikapu. Nilipomwona akiitoa nilimshika mkono. "Mami, ngoja daktari." Akasema kwa sauti, benchi zima likasikia, "Nimeshinda njaa tangu asubuhi na huyu ananinyima chai." Alikuwa anasema juu ya mtoto. Wanawake wakaniangalia kama mwizi wa kuku.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Akauliza, mtoto anakula nini? Nikafungua mdomo, nikamwaga orodha: ndengu, mboga, mayai, matunda. Sijui ilitoka wapi, labda ile picha kubwa iliyobandikwa kliniki. "Chai?" Kidogo. "Anakula udongo, mawe, chochote kama hicho?" La, daktari! Nilijibu nikiwa na kipande mkobani.

Akamlaza. Akasema moyo wa mtoto unakimbia kwa sababu unasukuma maji badala ya damu, na ataongezewa damu siku hiyohiyo. Tukaombwa sisi jamaa tutoe damu ya kurudisha ile itakayotumika. Nikakunja mkono wa sweta kabla Kamau hajamaliza kusimama. Nikasema mimi ni mama, mimi kwanza. Msichana wa maabara akanidunga kidole, akatazama mashine yake, akarudia kidole cha pili.

"Mama, kaa chini. Kaa hapo kabla hujaanguka. Yako pia haitoshi. Hatuwezi kutoa kwako."

Kamau akatoa yake. Mimi niliketi kwenye kiti cha plastiki, nikanywa maji, nikiwa na aibu ambayo siwezi kuieleza. Mama gani hana hata damu ya kumpa mtoto?

Wodini Shiru alikuwa mapajani pangu, sindano mguuni, damu ya mtu nisiyemjua inadondoka tone kwa tone. Nesi yuko upande mmoja anahesabu matone, Shosho upande wa pili anaomba kwa Kikuyu. Damu ilipofika nusu ya mfuko, mtoto akapata nguvu kidogo. Unajua alifanya nini na nguvu zake za kwanza? Alinyoosha mkono ndani ya mkoba wangu, akatoa odowa, akatia mdomoni. Kru.

Nesi akageuka. Shosho akaacha kuomba.

"Ni nini hiyo anakula?"

Nikachomoa kile kipande kwa kidole, mate na damu ya fizi, mtoto analia. Nikakifumbata.

"Kumbe ni wewe," Shosho akasema. "Mimi naitwa mchawi kwa sababu ya chai, kumbe mama anamlisha mawe!"

"Na wewe unayemnywesha chai kama gari inayotiwa mafuta? Daktari ameuliza chai kabla ya mawe!"

"Nimelea saba na chai! Saba! Kuna aliyekufa?"

"Nyamazeni," nesi akasema, bila kuinua sauti. "Mnamtikisia sindano."

Hatukusemezana tena siku zote nne tulizokaa wodini.

Nikiwa mkweli, kulikuwa na neema moja pale. Kitanda cha pili alikuwepo mama wa Kawangware aliyekuwa akimuuguza binti yake aliyeungua. Mchana mmoja akawa anamenya yai la kuchemsha, anakula mwenyewe kwa raha zake, anatia chumvi, analamba vidole. Shiru, ambaye kila kijiko nilichomletea alikigeuzia uso, alimkodolea macho. Akafungua mdomo. Yule mama wala hakuniomba ruhusa, akamkatia kipande. Akameza. Akafungua tena. Nilienda kulia chooni.

Kabla hatujaruhusiwa tulipelekwa kwa mtu wa lishe. Nilimchukia tangu mlangoni. Msichana mdogo, kucha safi, meza yake imejaa vyakula vya plastiki: samaki wa plastiki, ndizi ya plastiki, sukuma wiki ya plastiki. Akaanza na ule wimbo wao wa sahani yenye rangi nyingi. Nikamwambia, "Dada, mimi natoka nyumbani gizagiza narudi giza. Hiyo samaki yako niipike saa ngapi?" Hakukasirika. Akasukuma vile vitu kando, akaniuliza, "Mama, wewe mwenyewe unakula nini mbele yake?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Shiru hakuwahi kuniona nikila chakula. Alikuwa ameniona nikila kitu kimoja tu, na alikuwa amejifunza.

Tukarudi nyumbani na chupa ya kwanza ya dawa ya maji ya kuongeza damu. Inanuka misumari. Inatia meno weusi usipoyafuta, na choo kinakuwa kama lami, na ukimwaga tone kwenye shuka, doa hilo ni lako la kudumu. Masharti: dawa kila siku na maji ya chungwa, chai marufuku, maziwa kiasi, mboga, maharagwe, nyama au maini yakipatikana, yai. Asipondewe chakula tena, ana meno. Mimi nikapewa vidonge vyangu. Na odowa, mwiko: kama chai, linazuia damu kujengeka. Niliapa mbele ya Kamau, mkono juu ya Biblia ya harusi yetu.

Nilikaa siku tisa. Anayekwambia ni tabia mbaya tu hajawahi kuitamani. Nilikuwa nikisikia harufu ya vumbi mvua inapoanza, mate yananijaa mdomoni mpaka nayafuta kwa leso. Siku ya kumi niliteremka stendi mjini nikanunua mfuko mdogo. Nikauficha ndani ya buti langu la mvua, chini ya kitanda. Mvua ilikuwa inaisha, nani angetaka buti?

Nyumbani tukawa na vita. Nikaificha chupa ya kunyonyea. Shosho akanunua nyingine. Nikatupa majani chai. Akaenda kwa jirani. Mtoto naye analia na kujitupa chini, maana chai ndiyo ilikuwa chakula chake na usingizi wake, na Shosho anasimama juu yake akilia pia. "Unaniua na njaa! Nimekukosea nini?" Kamau katikati anageuza shingo, huku mama, huku mke. Nilimwambia achague. Akaenda kulala.

Chupa ya kwanza ikaisha, tukarudi kupimwa. Damu ilikuwa imeshuka kidogo kutoka pale tulipoiacha hospitali. Daktari akasema ikiendelea hivyo atalazwa tena, na safari hii asingeweza kuniahidi kitu. Sikungoja kufika nyumbani. Nilimpigia Shosho simu nikiwa kwenye ngazi za hospitali, watu wananipita.

"Umempa chai."

"Sijampa."

"Umempa! Unamuua mtoto wangu kwa sababu ya uroho wako wa chai. Panga vitu vyako, nikifika nisikukute."

Mwanamke wa miaka sabini. Tulipofika alikuwa ameketi kitandani amevaa koti, kikapu na birika miguuni. Akambusu mtoto. Mimi hakuniangalia. Kamau alimsindikiza na hakunisemesha mpaka kesho yake jioni.

Julai ikaingia na ile baridi yake. Nikachukua likizo yangu ya mwaka, nikakaa na Shiru mwenyewe. Nilijivuna, acha nikwambie. Sasa nitawaonyesha! Nilipika terere, ule mchicha wa kwetu, ndengu, maini ya kukaanga na kitunguu. Dawa kwa saa. Hakuna chai ndani ya nyumba, hata harufu. Na Shiru akapata mchezo mpya. Alitoa mabuti yangu chini ya kitanda, akatia miguu yake, yanamfika mapajani, akawa anatembea nayo kutoka chumba hadi chumba, du, du, du. Kutembea! Nililia kwa furaha. Nikamchukua video kwa simu nikaituma kwa Kamau kazini, kwa dada yangu, kwa wote wa kanisani.

Chupa ya pili ikaisha. Tukaenda, safari hii Kamau akiwa nasi. Damu ilikuwa chini zaidi.

Nikaanza kumgombeza daktari. Mashine yenu imeharibika. Dawa yenu ni maji. Mkwe wangu ameenda, chai hakuna, mnataka nini tena? Daktari alikuwa ananitazama tu, na nyuma yangu nikasikia du, du, du. Kamau alikuwa anaitazama ile video. Aliisimamisha, akairudisha nyuma, akaikuza kwa vidole. Akanyoosha simu mbele ya uso wangu.

"Anatafuna nini?"

Nikatazama. Ile video nilikuwa nimeitazama mara ishirini. Mabuti nilikuwa nimeyaona, miguu nilikuwa nimeiona. Mdomo sikuwa nimeuona. Mdomo ulikuwa unaenda, na kwenye kidevu kulikuwa na mstari wa udongo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimeenda kumtafuta Limuru aliyekuwa chini ya kitanda changu. Nikamwambia daktari yote, tangu kile kipande cha kwanza. Aliandika bila kuinua kichwa. Kamau alitoka nje akasimama kwenye manyunyu bila koti.

Tulipofika nyumbani alichukua buti, akalikung'uta chooni, akavuta maji. Kisha akasema, "Mama yangu ulimfukuza wewe. Utamrudisha wewe."

Nilikwenda Limuru Jumamosi, na ukungu ulikuwa mzito. Shosho alinifungulia, akarudi kuketi kwenye kigoda kando ya moto. Sikuambiwa karibu. Nikajikaribisha. Nikaketi pale nikieleza, naomba msamaha, nasema juu ya buti, juu ya video. Saa nzima. Na katika saa ile hakunipa chai. Kama wewe si wa kwetu hutaelewa. Mgeni ukimweka saa nzima nyumbani kwako, Limuru, kwenye baridi ile, bila kumpa chai, umeshamwambia aende na asirudi. Hata mkopeshaji hupewa chai. Nikaona sawa, nimestahili. Nikasimama, nikachukua mkoba.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Mami, nimeelewa. Hata chai hujanipa."

Akanitazama kwa dharau ambayo bado naikumbuka. "Chai niitoe wapi? Hakuna chai hii nyumba. Tangu siku ulinifukuza sijanywa. Kichwa kiliniuma wiki mbili, nikitapika, majirani wakadhani ni maleria." Akasukuma kuni ndani. "Siku ya kutoka hospitali nilimpa, vijiko viwili, alikuwa analia. Baada ya hapo sikumpa tena. Hata ile ya jirani nilikunywa mwenyewe. Lakini nikafika hapa nikajiuliza, mtoto ni mimi. Kama yeye amekatazwa, mimi nani ameniruhusu?"

Nikaketi tena. Mwanamke ambaye chai ilikuwa damu yake.

"Mimi nimeacha yangu," akasema. "Wewe umeacha nini?"

Nilisema, odowa, mami, nimeacha, tangu wiki ile.

"Fungua mkoba."

"Mami..."

"Fungua."

Nikafungua. Kilikuwepo kipande kimoja, ndani ya leso, chini kabisa. Nilikuwa nimekinunua asubuhi ile nikienda kuomba msamaha. Mjinga hana dawa. Shosho alikichukua kwa vidole viwili kama panya mfu, akakitupa motoni, akaingia chumbani. Alitoka amevaa koti, na kikapu chenye mayai yaliyofungwa kwa gazeti.

"Usifikirie nakuja kwako," akasema mlangoni. "Naenda kwangu."

Hatukupatana. Usitarajie nikwambie tulikumbatiana. Mpaka leo ananijibu kwa neno moja na anasema chumvi yangu ni nyingi. Lakini tangu Agosti ile kila jioni, nikifika kutoka Westlands, hanisalimii kwanza. Anasema, "Fungua." Nami nafungua mkoba mlangoni, majirani wakiona, anaupekua mpaka mifuko ya ndani, ananusa leso. Nilimchukia kwa hilo. Halafu tunaketi wote wanne chini kwenye mkeka, sahani moja kubwa, na Shosho anauma sukuma wiki mbele ya Shiru kwa madaha kama anayekula keki ya harusi, na mimi nauma, na Shiru anafungua mdomo. Anatema. Tunaendelea kula wenyewe. Anafungua tena. Hatumshiki pua, hatumfukuzi na kijiko, hatuwashi katuni. Kuna siku alikula maharagwe matatu tu. Shosho aliyahesabu.

Chupa ya tatu iliisha majakaranda yakiwa yameanza kumwaga maua. Damu ilikuwa imepanda. Ya nne, mvua fupi, ikapanda tena, na yangu pia. Daktari wa macho ya usingizi akasema tusirudi mpaka aone sababu ya kutuita. Alicheka siku ile. Shiru alikimbia kutoka kwenye benchi mpaka mlangoni na kurudi, na nesi akamfokea, na sikuwahi kusikia kufokewa kutamu kama kule.

Basi wewe dada wa benchi. Sikuchukii, nakuonea uchungu tu, na uchungu wangu una mdomo mchafu. Mvute mtoto kope leo. Tazama viganja vyake kando ya vyako. Akisifiwa rangi, mpeleke akapimwe. Ukiulizwa anakula nini, usisome ile picha ya ukutani kama nilivyosoma mimi. Na kama una kitu mkobani, unajua mwenyewe.

Jana nilifika nyumbani mapema kidogo. Shosho alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi, miguu juu ya ndoo. Nikavua viatu polepole nisimwamshe, nikafikiri, leo nimepona upekuzi. Nitakwambia ukweli: jana hiyohiyo nilikuwa nimepita mbele ya kile kibanda cha stendi, nikasimama, nikaendelea. Bado husimama. Shiru akatoka chumbani. Ana miaka miwili na miezi tisa sasa, mashavu si makubwa kama ya zamani, na ni mweusi, mweusi mzuri, kama baba yake. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, vilevile kama yule aliyesinzia.

"Mami, fungua."

Nikapiga magoti, nikafungua. Akaingiza mikono yote miwili. Akatoa funguo, akazinusa. Akatoa leso, akainusa, akaikung'uta. Akatoa chungwa. Akatazama ndani tena, kichwa kizima kimeingia, nami nimeshikilia mkoba na moyo unanienda mbio kana kwamba kweli kuna kitu.

"Hakuna," akasema. Akanishika kidole. "Kuja tukule."